Sijambo ya Bibi Nakijwa

Kitu cha kwanza alichokigundua Namsifu kilikuwa kidogo kama punje ya ulezi. Bibi Nakijwa alivuta pumzi katikati ya neno.

"Si… jambo," alisema Bibi, na chombo cha kusikilizia kilichokuwa sikioni mwa Namsifu kikaleta na mlio mwembamba wa kifua nyuma ya sauti, kama bawaba ya mlango isiyotiwa mafuta.

Neno lile watu hulisema kwa mkupuo mmoja. Hata mtu aliyevunjika mguu hulitoa zima zima kwanza, ndipo aanze kulia. Namsifu alikuwa amekaa mwezi mzima akiwasikiliza watu wa Ngoriko asubuhi na jioni, na hakuwahi kusikia sijambo iliyokatika vipande viwili.

Lakini kwenye kioo cha Kinu, taa ya jina la Bibi Nakijwa iliwaka kijani. Kijani maana yake amechanjwa, ameulizwa, amejibu vizuri.

Kinu kilikuwa na jina lake refu la serikali, lakini watu wa Ngoriko walikipa hilo kwa sababu kilitwanga mchana kutwa pale zahanati, du, du, du, hata ukilala kitandani unakisikia mgongoni. Baridi ilipokaribia, mabomba yake yaliyotundikwa shuleni, sokoni na kwenye banda la kuoshea tangawizi yalinusa hewa. Yalitambua homa ya mafua ya mwaka ule imevaa sura gani, nacho Kinu kikaipikia chanjo yake kwa siku mbili. Chanjo yenyewe haikuwa sindano, ilikuwa ukungu. Mtu anavaa barakoa, anavuta pumzi kumi, anakwenda zake. Kisha anabandikwa kifungo nyuma ya sikio, kidogo kama cha shati, na kwa siku kumi kifungo kinamwamkia asubuhi na jioni: "Shikamoo bibi. Hujambo?"

Waliokitengeneza Kinu walikuwa watu wema. Walikifundisha adabu. Hawakufikiri kwamba adabu hujibiwa kwa adabu.

Sheria ilitaka kila kijiji kiwe pia na msikilizaji, binadamu wa kupitia zile sauti baada ya mashine, na kubofya *shaka* asipoliamini jibu. Kazi hiyo ilipotangazwa, Mzee Senzota alisimama mkutanoni akasema, "Mpeni Namsifu binti Mgonja. Huyo hata ukimkanyaga hasemi, atasikiliza mpaka mashine ichoke." Watu walicheka, naye akapewa. Alikuwa ameacha shule darasa la tano, mwaka ule homa ilipomchukua mama yake, na kuandika kwake kulikuwa kwa polepole. Masikio yake lakini hayakuwa na darasa.

Aliirudia sauti ya Bibi. Akaisikia tena ile pumzi. Akaendelea na iliyofuata, ya Mzee Senzota mwenyewe, mdogo wake Bibi Nakijwa.

"Shikamoo mzee. Hujambo?"

"Marahaba, mjukuu wangu wa bati. Sijambo kidogo."

Kijani.

Namsifu aliuma mdomo. Mtoto wa miaka minne anajua kwamba "sijambo kidogo" si mdogo wake "sijambo". Ni adui yake. Mtu akikuambia hajambo kidogo, unaweka jembe chini unamwuliza amelala saa ngapi na amekula nini.

Wa tatu alikuwa Mama Mcharo, mkwe wa Bibi. "Tunamshukuru Mungu," alisema, kwa sauti ya mtu aliyetoka kuzika.

Kijani.

Namsifu alitazama tarehe. Wote watatu walivuta ukungu siku moja, Jumanne, siku nne zilizopita. Akachukua sweta lake, akatia kwenye kikapu kile kibao anachobofyea majibu, akapanda mlima.

*

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu. Pita, mimi siinuki."

Bibi Nakijwa alikuwa ameketi kitandani, ameegemea ukuta, mito miwili mgongoni. Ilikuwa saa nne asubuhi na jua limewaka. Blanketi zito lilikuwa limeanikwa uani, bado linatona maji. Nyumba nzima ilinukia mkaratusi na mchaichai.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Na wewe?"

"Sijambo…" Akavuta pumzi. "Sijambo, mwanangu."

Namsifu alitazama chini. Kuuliza mara ya pili ni kumwambia mtu mzima kwamba ni mwongo. Akatafuta njia nyingine. "Bibi, kifungo chako kiko wapi?"

Bibi alielekeza kidole kwenye kopo la chumvi juu ya kabati. "Namlaza humo. Akifika wakati wa kuniamkia namtoa, namjibu, namrudisha. Ana maneno mengi."

Kwa hiyo kile kifungo kilichopaswa kupima joto la mwili na mapigo ya moyo kilikuwa kinapima chumvi.

"Ulijifukiza, Bibi?"

Jogoo aliwika nje, akanyamaza.

"Nani kasema?"

"Blanketi."

Bibi alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi kirefu, mpaka Namsifu akamshika mabega. Midomo yake ilikuwa imefifia rangi. Kilipotulia, alisema kwa vipande vipande: "Siku ile ile ya ukungu, jioni. Nilianza kusikia mafua puani. Nikasema, chanjo ilinde mlangoni, mvuke ufagie ndani. Nikateleka sufuria. Mke wa mwanangu naye akaingia, na Senzota akaja na baridi yake akajipenyeza. Watatu, blanketi moja. Kuimba kwake kule ndani, wewe acha tu."

"Halafu?"

"Halafu kifua kikakaza kama mtu amekaa juu yake. Senzota naye vile vile. Kila jioni tunaongeza mvuke tupate nafuu, na kila asubuhi ni afadhali ya jana."

"Kwa nini hukusema, Bibi?"

Bibi Nakijwa alimtazama kama anayepima unga. "Mwaka jana nilikiambia kile kifungo kwamba nimekunywa tangawizi na asali. Tangawizi ya shamba langu! Kikanijibu nitumie dawa zilizothibitishwa. Wiki iliyofuata Daktari akasoma majina yetu mkutanoni, kwamba ndio tunaorudisha kijiji nyuma. Miaka sabini na sita, Namsifu, nikasomwa kama mwizi wa kuku."

"Nakumbuka."

"Basi hilo moja. La pili ni kubwa zaidi." Akapumzika. "Nikisema nimeugua baada ya ukungu, watafunga Kinu. Homa iko tambarare pale chini, inapanda. Mwaka ule tulizika watu thelathini na mmoja, na mama yako akiwemo. Mimi nitapona au sitapona. Lakini siwezi kwenda kaburini nimeacha watu wamenyimwa chanjo kwa mdomo wangu. Niache na sijambo yangu."

*

Kule zahanati, Daktari Mbonea hakungoja hadithi iishe. Aliposikia neno "midomo" alikuwa ameshabeba mtungi mdogo wa hewa na mkoba wa dawa, na wakapanda mlima pamoja, yeye akihema, Namsifu akimweleza.

"Ukungu ule ni chembe hai zilizodhoofishwa," alisema Daktari walipopita kwenye migomba. "Zimetengenezwa zikae puani na kooni tu kwa muda wa saa kumi na mbili, ziufundishe mwili sura ya adui, halafu zife. Hazipendi joto la kifuani. Lakini ukikaa juu ya sufuria inayochemka na kuvuta kwa nguvu, unazisukuma chini kabla hazijafa. Mwili unazikuta mahali pasipo pake, unafunga mlango kwa hofu. Ndicho kifua kinachokaza. Na wao kila wakikazwa wanaongeza mvuke."

"Kwa hiyo chanjo si mbaya?"

"Si mbaya."

"Na mkaratusi?"

"Mkaratusi umenilea mimi. Bibi yangu alinifukiza mpaka nikawa naota nyuki." Akasimama kupumua. "Siku nyingine yoyote, ajifukize. Tangawizi anywe hata leo. Ni ile siku moja tu ya ukungu. Hakuna aliyetuambia kwa sababu hakuna aliyejua, na hakuna aliyejua kwa sababu vijiji arobaini vya mlima huu vinasema sijambo."

"Basi tuwaambie watu wasijifukize leo."

"Hapa Ngoriko nitawaambia. Wataitikia ndiyo, Daktari, na jioni sufuria zitakuwa motoni na vifungo kwenye chumvi. Nani ataniamini, baada ya yale majina?" Alisema hilo bila kumtazama. "Na vijiji vingine? Kinu ndicho kinachotoa maagizo kwa wote, na hakibadilishi agizo kwa neno langu. Kinataka sauti za wagonjwa watatu. Wakisema tu kwamba waliugua baada ya chanjo, kinajifunga mlima mzima siku ishirini na moja mpaka wataalamu waje. Wakisema yote, na mvuke ukiwemo, kinaongeza onyo na kuendelea na kazi. Nusu ya ukweli ndiyo itakayotuua."

"Na ukimya?"

Daktari alitazama bondeni. Chini, kwenye banda la kuoshea tangawizi, foleni ya alasiri ilikuwa imeanza kujipanga mapema, wazee mbele wamejifunika mashuka mgongoni. Sitini walitarajiwa kuvuta ukungu siku ile.

"Ukimya utaua wachache," alisema mwishoni. "Kufungwa kwa Kinu kutaua wengi. Namsifu, mimi huandika watu wanachosema. Mtu akisema hajambo, naandika hajambo. Usibofye shaka kama hawajakubali kusema yote. Nakuomba."

*

Bibi Nakijwa alipovuta ile dawa na kuwekewa hewa puani, rangi ilirudi midomoni kidogo kidogo. Mama Mcharo alikaa miguuni pake, naye amewekewa dawa. Mzee Senzota alikuwa juu ya kigoda, barakoa usoni, na bado anaongea. Daktari alikuwa amewasimulia wale nyuki wa ndoto zake.

"Nimeona nyuki wa Daktari," alisema. "Mmoja ana kofia."

"Nyamaza, Senzota," alisema dada yake.

Daktari alieleza yote aliyoeleza njiani. Akawaomba waseme. Mama Mcharo akamtazama mkwewe. Mzee Senzota akatoa barakoa. "Mimi nikitangulia, Kinu kitadhani ni mzaha. Dada akisema, nasema."

"Dada hasemi," alijibu Bibi. "Mmesema wenyewe, tukikosea neno moja kinafungwa. Mimi ni mzee, pumzi zinanikatikia katikati. Je, nikisema la chanjo, na pumzi ikakata kabla ya kufika kwenye mvuke?"

Nje, sauti za foleni zilipanda na upepo. Mtu aliimba, wengine wakamcheka. Namsifu alizisikia moja moja. Alimjua kila mwenye kikohozi. Alijua Mama Naelijwa, wa nne kutoka mbele, huteleka mkaratusi wake saa kumi na moja kamili.

Alitoa kibao kikapuni. Akabofya jina la Bibi, akabofya *shaka*. La Mzee Senzota, *shaka*. La Mama Mcharo, *shaka*.

Kule chini, du, du, du ikakoma. Kimya chake kilisikika hadi chumbani.

"Umefanya nini?" alinong'ona Daktari.

"Shaka tatu zimepokelewa," kilisema Kinu kupitia kibao, kwa sauti yake ya upole. "Nasubiri maelezo kwa dakika thelathini. Yasipokamilika, nitapumzika katika vijiji vyote."

"Umenifunga kamba, mtoto wewe!" Bibi alijaribu kuinuka. "Mimi, niliyekuogesha ukiwa kitoto kichanga! Nimekubali lini kusema? Nani kakutuma?"

Namsifu alifungua kopo, akatoa kifungo, akakipangusa chumvi kwa upindo wa kanga na kukiweka kiganjani mwa Bibi.

Daktari Mbonea ndiye aliyepiga magoti. Alikuwa mtu mnene, na sakafu ilikuwa ya udongo.

"Bibi, mkasirikie mimi. Mwaka jana niliona aibu ya wakubwa wangu kuliko aibu yako. Ningekuuliza tu, kwa heshima, unatumia nini na unakitumiaje, leo tungekuwa tunajua. Nilisoma jina lako mbele za watu. Nisamehe. Na pumzi ikikata, tutasubiri. Kinu kitasubiri. Nitakaa hapa chini mpaka neno la mwisho."

Bibi alikitazama kile kichwa kilichoinama. Alikitazama muda mrefu, na dakika zilikuwa zinakwenda.

"Inuka, utapata baridi ya magoti," alisema hatimaye. "Halafu mimi sina sufuria nyingine ya kukufukiza."

Mzee Senzota alicheka hadi akarudishiwa barakoa.

Bibi akakiweka kifungo karibu na mdomo. "Kinu. Sikiliza, usinikatize. Sikuwa sijambo." Akapumua. "Nilivuta ukungu wako Jumanne mchana. Kabla ya jioni nilikuwa sina kitu ila mafua kidogo puani. Jioni…" Pumzi ikakata. Hakuna aliyesogea. Daktari alihesabu kwa vidole kama anayesali. "Jioni nikajifukiza kwa mkaratusi, nusu saa, juu ya maji yanayochemka. Ndipo kifua kikakaza. Nikarudia siku tatu. Jirani yangu Mama Naelijwa ana dada yake; huyo dada alivuta ukungu Jumatatu na hakujifukiza, na jana alikuwa anabeba kuni. Nimemaliza. Na tangawizi yangu haina kosa, uandike."

Mama Mcharo akasema yake. Mzee Senzota akasema yake bila mzaha hata mmoja, na hilo liliwashangaza wote kuliko ugonjwa.

"Asanteni. Shikamooni," kilisema Kinu. "Maelezo matatu yamepokelewa na yanafanana. Bado moja. Watu hawa watatu walijibu sijambo mara nane nane, na sauti zao ziko ndani ya kiwango. Msikilizaji, kwa nini hukuwaamini? Jibu kwa sauti yako. Zimebaki dakika sita."

Wote waligeuka. Namsifu alikisogeza kibao karibu.

"Nilisikia tu," alisema, chini kwa chini.

"Sababu haitoshi. Kiwango kinasema kijani. Nini kilikufanya uone vingine? Zimebaki dakika tano."

"Sema, mwanangu," alisema Bibi, kwa upole sasa. "Lolote."

Namsifu alimtazama Daktari Mbonea, aliyekuwa bado na udongo magotini. Miaka tisa alikuwa akimwamkia mtu huyu kila siku, akipika chai yake, akifagia chumba chake cha dawa. Akakishika kibao kwa mikono miwili.

"Kwa sababu niliwahi kuisema mimi," alianza. "Mwaka wa homa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, tuko wawili tu nyumbani. Daktari alikuwa anapita nyumba kwa nyumba na mkoba wake. Akasimama mlangoni kwetu. Hakuniuliza mama anaumwa. Alinisalimia kama watu wanavyosalimiana." Sauti ilitaka kuzama, akaivuta juu. "Alisema, 'Hujambo binti? Mama hajambo?' Na mama alikuwa nyuma ya pazia, anahema hivyo hivyo kama Bibi. Nikasema, 'Hajambo, shikamoo.' Akaniitikia, akaenda nyumba ya pili. Nilisikia viatu vyake mpaka vikaisha. Nilitaka kumwita, nikaona ni kukosa heshima, nimeshajibu."

Daktari Mbonea alifunika mdomo kwa mkono.

"Hukukosea wewe, Daktari. Uliuliza," alisema Namsifu. "Mama hakuwa hajambo. Mama alikuwa anakufa, na mimi nilikuwa na adabu."

"Sababu imetosha, onyo la mvuke limeongezwa," kilisema Kinu, na kule chini du, du, du ikaanza tena.